Lord Egerton wa Njoro: Ekari za Shule na Mawe ya Kasri

Msafiri atokaye mjini Nakuru kuelekea Njoro hupita kando ya mashamba mapana ya ngano na mahindi kabla ya kufika kwenye malango ya Chuo Kikuu cha Egerton. Kabla hajafika huko, upande wa Ngata, ipo njia inayomfikisha mtu kwenye jumba kubwa la mawe ambalo wenyeji hulijua kama Kasri la Lord Egerton. Majengo haya mawili yana asili moja. Aliyeyaanzisha ni mtu mmoja, tena karibu wakati mmoja: ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, na shule ya kilimo, ambayo ndiyo mbegu ya chuo kikuu cha leo, ilianzishwa mwaka 1939. Kasri lilichukua miaka 16 kukamilika, na mwenyewe akaishi ndani yake kwa miaka isiyozidi minne. Shule ilianza kama shule ndogo ya vijana wa kizungu, nayo mpaka leo haijakoma kukua.

Ajabu ni kwamba habari za kasri ndizo zinazojulikana zaidi. Kila mwaka ifikapo mwezi wa Februari, magazeti na vituo vya redio husimulia upya kisa cha tajiri aliyekataliwa na mwanamke. Habari za shule husimuliwa kwa aya moja katika kitabu cha maelezo ya chuo, nayo aya yenyewe huruka mengi. Makala haya yanayafuata maisha ya Maurice Egerton kwa nia ya kulichunguza jambo lililorukwa: namna mtu alivyokipangia chuo miaka mingi ijayo, akapatia sana katika jambo moja na kukosea sana katika jingine.

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874 katika ukoo wa makabaila wa Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Makao ya ukoo huo yalikuwa Tatton Park, karibu na mji mdogo wa Knutsford, nayo yalikuwa na jumba la fahari, bustani, msitu wa kulishia paa na mashamba ya wapangaji. Baba yake, Alan de Tatton Egerton, alikuwa Lord wa tatu katika nasaba hiyo. Alipofariki mwaka 1920, Maurice alirithi cheo na mali, akawa wa nne. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 46 na hakuwa na mke wala mtoto. Hakuoa kamwe, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lina uzito katika kisa cha chuo kuliko kisa chochote cha mapenzi.

Kabla ya kurithi alikuwa ameishi maisha ya mtu anayevutiwa na kila kitu kipya. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika jimbo lake kumiliki gari: gari lake aina ya Benz lilipata nambari ya usajili M 1, na mpaka leo limehifadhiwa Tatton. Ndege zilipoanza kuruka, naye akaruka. Alifahamiana na ndugu wa Wright, Wamarekani waliorusha ndege ya kwanza, na mwaka 1910 akapewa cheti cha urubani nambari 11 na klabu ya urubani ya Uingereza. Mwaka huohuo Charles Rolls, mwenzake katika uwanja huo na mmoja wa waasisi wa kampuni ya magari ya Rolls-Royce, alifariki ndege yake ilipovunjika angani. Urubani ulikuwa mchezo wa watu wasioogopa kupoteza. Fauka ya hayo, Egerton alikuwa msafiri na mwindaji. Pale Tatton kuna ukumbi mzima uliojengwa kwa ajili ya vichwa vya wanyama aliowaua katika safari zake, na wageni wa leo hutofautiana kuhusu kama waustaajabie au wauhuzunikie.

Uwindaji na safari ndivyo vilivyomleta Afrika Mashariki, lakini ardhi ndiyo iliyomweka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alijipatia shamba kubwa katika eneo la Ngata na Njoro. Inasimuliwa kuwa ekari zake zilifikia 21,000, nyingi akiwa amezinunua kutoka kwa Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kuliko wote nchini Kenya. Delamere naye alikuwa kabaila wa Cheshire. Watu wawili waliotoka wilaya jirani za kwao wakawa majirani tena chini ya milima ya Mau.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa ardhi hiyo haikuwa ya Delamere kabla ya kuwa ya Egerton. Ilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya Mau ilikuwa makao ya Waogiek. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, wengine wakahamishiwa Laikipia. Kwa mkataba wa 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya ardhi iliyowapa walowezi mikataba ya kukodi ardhi kwa muda wa miaka 999. Ikiwa tunatafuta mpango wa muda mrefu kuliko yote iliyowahi kuandikwa katika Bonde la Ufa, basi ni huo. Hakuna mpango mkakati wa chuo chochote cha siku hizi, pamoja na dira na dhima zake zote, uliothubutu kutazama mbali kiasi hicho.

Hata hivyo, karatasi ya miaka 999 haikuotesha ngano. Delamere alifika Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na fedha nyingi na maarifa machache ya mahali penyewe. Kondoo aliowaagiza kutoka nje walikufa kwa wingi, na ng'ombe wakadhoofika. Baadaye sana wataalamu waligundua kuwa udongo wa sehemu hizo ulikuwa na upungufu wa madini, hasa kobalti, na ugonjwa wa mifugo uliotokana na upungufu huo ukapewa jina la mji wa Nakuru. Wamaasai hawakuwa na jina la kobalti, ila walijua kuwa mifugo haikai sana katika malisho yale ikapona, nao hawakuilisha huko kwa muda mrefu. Hakuna aliyewauliza. Delamere alipogeukia ngano, ikashikwa na kutu. Ilimbidi amwajiri mtaalamu kutoka Uingereza afanye kazi ya kuchanganya mbegu kwa miaka mingi mpaka zikapatikana zinazostahimili. Kutokana na juhudi za namna hiyo, kituo cha utafiti wa ngano kikaanzishwa Njoro mwaka 1927. Kituo hicho kingali na umuhimu wake, maana tangu mwaka 2005 mbegu za ngano kutoka nchi nyingi duniani zimekuwa zikipandwa Njoro ili kupimwa kama zinastahimili kutu mpya iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Egerton aliyaona haya yote akiwa jirani. Aliona pia nzige wa mwishoni mwa miaka ya 1920, na mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930, uliozishusha bei za mahindi na ngano na kuwafilisi walowezi wengi. Delamere mwenyewe alifariki mwaka 1931 akiwa na madeni mazito. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kujifunza kuwa ukulima wa Bonde la Ufa hauwezi kuendeshwa kwa ujasiri na fedha za urithi peke yake. Ulihitaji kufundishwa. Lakini wapi? Vijana wa kizungu waliozaliwa Kenya walikuwa na shule za sekondari, mathalani ile ya Prince of Wales iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931. Baada ya hapo, aliyetaka elimu ya kilimo alilazimika kwenda ng'ambo na kujifunza kulima katika mvua, udongo na baridi ya nchi nyingine.

Hili ndilo pengo ambalo Egerton aliamua kuliziba. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 za ardhi huko Njoro ili ianzishwe shule ya kilimo, ambayo ikaitwa Shule ya Kilimo ya Egerton. Lengo lake lilitajwa waziwazi: kuwaandaa vijana wa Kizungu kwa kazi ya ukulima.

Tuitazame hesabu hiyo. Shule ya vijana wachache ingetosheka kwa ekari kumi za majengo na uwanja, na pengine hamsini za mashamba ya mafunzo. Ekari 740 ni ardhi ya shule ambayo bado haipo. Aliyetoa ardhi ya kiasi hicho alikuwa anafikiria wanafunzi watakaokuja baada ya wale wa kwanza, na mifugo ya kuwalisha, na mashamba ya majaribio, na mazao ya kuuza ili kusaidia kuendesha shughuli. Watu wa pwani wana neno la kale kwa kitu cha aina hii, nalo ni wakfu: mali ambayo asili yake haiguswi, ikatumiwa mavuno yake, na ambayo mwenyewe akishaitoa si yake tena. Sidhani kama Egerton alilifahamu neno hilo. Alikuwa ametoka katika ukoo uliojua kwa karne nyingi kuwa fedha huliwa na wakati, lakini ardhi hubaki.

Wale wanaoendesha vyuo vya binafsi vinavyochipuka mjini Nakuru leo wanaelewa uchungu wa jambo hili kuliko mtu yeyote. Chuo huanza kwa kukodi orofa moja juu ya maduka. Wanafunzi wakiongezeka hukodiwa orofa ya pili, kisha jengo la upande wa pili wa barabara. Kodi hupanda kila mara, maktaba hubanwa katika chumba kisicho na dirisha, na siku mwenye nyumba anapotaka jengo lake, chuo huhama na kupoteza nusu ya wanafunzi. Mpango mkakati wa miaka mitano huandikwa vizuri, hufungwa kwa jalada la rangi, na hauna ukurasa hata mmoja unaosema chuo kitasimama wapi mwaka wa sita. Katika jambo hili moja, mzee wa Ngata aliwatangulia wengi.

Lakini mwaka 1939 una uso wa pili. Ni mwaka huohuo ambapo serikali ya Uingereza, kwa amri rasmi, iliweka mipaka ya eneo lililoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, ambamo Mwafrika hakuweza kumiliki ardhi. Shule ya Egerton ilizaliwa pamoja na mpaka huo, na ilikusudiwa kuulinda. Waafrika walikuwapo ndani ya mpaka, kwa maelfu, wakiishi kama maskwota katika mashamba ya Njoro, Molo, Elburgon na Subukia. Wao ndio waliolima, wakakama na kuchunga. Sheria ya mwaka 1937 ilikuwa imeanza kuwabana zaidi kwa kupunguza mashamba yao na mifugo yao. Kijana wa skwota aliyeijua ngano tangu kuota hadi kuvunwa angeweza kufagia darasa la Shule ya Kilimo ya Egerton, ila asingeweza kuketi ndani yake. Mlowezi alimsemesha kwa kile ambacho wanaisimu wamekiita Kisetla, yaani Kiswahili kilichokatwa viambishi, kikabaki na vitenzi vya kuamrisha. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hicho nacho ni kielelezo cha mpango wa elimu: lugha iliyofunzwa kiasi cha kumwezesha mmoja kutoa amri na mwingine kuitii, isivuke hapo.

Mgala muue na haki yake mpe. Ukarimu wa Egerton ulikuwa wa kweli, na haukuwa wa Kenya peke yake, maana huko Knutsford alifadhili klabu ya vijana. Alijali sana makuzi ya vijana wa kiume. Kosa lake halikuwa uchoyo. Alihesabu ekari kwa jicho la mbali, na watu akawahesabu kwa jicho la karibu mno.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, mambo yote mawili, kasri na shule, yalivurugika. Ujenzi wa kasri ulisimama. Huko Uingereza bustani ya Tatton ikageuzwa kuwa uwanja wa kuwafunza wanajeshi kuruka kwa miavuli. Vita vilipomalizika, shule ya Njoro ilipata kazi mpya: serikali ilikuwa inawavutia wanajeshi walioachishwa kazi waje kuwa walowezi, na wengi wao hawakujua kushika jembe. Shule ikawapokea. Kwa muda ilionekana kana kwamba mpango wa mwasisi ulikuwa umepata ushahidi wake, kwa kuwa walowezi walizidi na wanafunzi wakazidi. Kufikia mwaka 1955 jina lilikuwa limebadilika, ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton, nacho kilitoa cheti kwa mwaka mmoja na diploma kwa miaka miwili.

Chini ya mafanikio hayo ardhi ilikuwa inatikisika. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Maskwota wa Kikuyu waliondolewa kwa nguvu katika mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati, ambako wengi hawakuwa na ardhi wala jamaa wa kuwapokea. Mwaka 1954 serikali hiyohiyo iliyokuwa ikipigana na Mau Mau ilianza kuutekeleza mpango wa Roger Swynnerton, afisa wa kilimo, ambao uliruhusu wakulima wa Kiafrika kupewa hati za ardhi na kupanda kahawa na mazao mengine ya biashara waliyokuwa wamenyimwa. Mpango wa namna hiyo haukuwezekana bila maelfu ya mabwana shamba wa Kiafrika waliosoma. Makerere ilikuwa ikitoa wachache tu. Ghafla nchi ilihitaji chuo kikubwa cha kilimo chenye ardhi ya kutosha, na chuo hicho kilikuwa kimoja tu, ila kilikuwa kimefunga milango kwa wale waliohitajika.

Katika mwaka huo wa 1954, kasri lilikamilika. Mwenyewe alikuwa anatimiza miaka 80.

Simulizi inayopendwa yasema kuwa Egerton alimpenda binti mmoja wa Ulaya, akamwonyesha nyumba aliyokuwa akiishi, naye binti akaidharau kwa kuilinganisha na kibanda cha ndege au cha mbwa. Egerton akaapa kujenga kasri, na lilipokuwa tayari binti alikuwa ameolewa na mwingine. Kwa hasira, husemwa, akapiga marufuku wanawake kukanyaga ardhi yake. Yawezekana kuna chembe ya ukweli humo, kwa kuwa hata huko kwao alijulikana kama mtu asiyependa kuwa pamoja na wanawake. Ila kalenda haiungi mkono mapenzi hayo. Mwaka 1938, mawe ya kwanza yalipowekwa, Egerton alikuwa na umri wa miaka 64. Mchagua nazi hupata koroma, walisema wahenga, lakini mchaguzi wa umri huo anayeanza kujenga nyumba ya vyumba zaidi ya 50 haelekei kuwa anangojea harusi. Inaelekea zaidi kuwa kabaila huyu alitaka kuwa na Tatton ya pili chini ya Mau, yenye ukumbi wa kuchezea dansi, maktaba na vyumba vya wageni ambao hawakuja kwa wingi. Wanafunzi wanaopenda simulizi wataniwia radhi.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba hakuwa na mrithi. Cheo chake kingekoma pamoja naye, na hakuna mpwa wala binamu aliyekuwa akingoja kukichukua. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili: kuyaacha yote yasambaratike, au kuyakabidhi kwa taasisi zitakazoishi kuliko yeye. Egerton alichagua njia ya pili katika nchi zote mbili. Kwa wosia wake, Tatton Park ilikabidhiwa shirika la Uingereza la kuhifadhi urithi wa taifa, nalo likapanga na serikali ya jimbo la Cheshire iendeshe shughuli za kila siku. Mpaka leo watu hulipa kiingilio na kutembea bustanini. Huko Njoro, chuo kiliongezewa ekari 1,100 mwaka 1958, na kukifanya kiwe na ekari 1,840 kwa jumla. Tarehe 30 Januari ya mwaka huohuo Maurice Egerton alifariki dunia nchini Kenya, na cheo cha Lord Egerton wa Tatton kikazimika.

Yaliyofuata hakuyapanga. Muda mfupi baada ya kifo chake chuo kilifungua milango kwa watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House wa mwaka 1960, ubaguzi wa rangi katika umiliki wa ardhi ya nyanda za juu uliondolewa kisheria. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mikataba ya miaka 999 ilikuwa imedumu miaka 48. Walowezi wengi waliuza mashamba yao, na katika maeneo mengi yaliyokuwa yao wakapewa ardhi wakulima wadogo wadogo, ambao ndio hasa waliohitaji ushauri wa mabwana shamba waliosomea Njoro. Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo hicho alikuwa Dakta William Odongo Omamo, ambaye baadaye aliingia bungeni na kuwa Waziri wa Kilimo.

Chuo hakikuwa peke yake katika safari ya aina hii. Mombasa ilikuwa na Taasisi ya Elimu ya Waislamu, maarufu kama MIOME, iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, pamoja na serikali ya kikoloni, ikawapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Nayo ilikuwa na masharti kuhusu nani aingie. Mwaka 1966 ikageuzwa kuwa chuo cha ufundi cha watu wote, na tangu 2013 imekuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Katika visa vyote viwili, wafadhili waliamua juu ya mlango, na wakati ukaubadili uamuzi huo. Waliamua pia juu ya ardhi, majengo na mafunzo ya kazi za mikono, na hayo wakati haukuyatengua.

Njoro ilikua kwa kasi zaidi kwa kuwa ilikuwa na mahali pa kukulia. Mwaka 1979 serikali ya Kenya na shirika la misaada la Marekani zilifadhili upanuzi mkubwa wa chuo. Kama ekari za Egerton zisingekuwapo, fedha hizo zingelazimika kwanza kununua ardhi, au kwenda kwingine. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilipendekeza chuo kikuu cha pili, na mabadiliko ya mfumo wa elimu yaliyotokana nayo yalileta 8-4-4 mwaka 1985, ambapo Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Nchi ikahitaji nafasi nyingi za masomo ya juu kwa haraka. Chuo cha Kilimo cha Egerton kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka 1987 bunge likapitisha sheria iliyokifanya chuo kikuu kamili. Baadaye kikafungua matawi Laikipia, Kisii na Chuka, na yote matatu yakapata hati zao kama vyuo vikuu vinavyojitegemea mwaka 2013.

Si kwamba ukuaji umekuwa bila maumivu. Vyuo vikuu vya umma nchini vimeingia karne ya 21 vikiwa na wanafunzi wengi kuliko fedha, na miaka ya hivi karibuni imeshuhudia madeni na migomo ya wahadhiri. Ekari 1,840 hazilipi mishahara zenyewe. Hapa ndipo mpango wa mwasisi unapofikia ukomo wake, kwani aliacha ardhi, na aliyeachiwa ardhi bado anatakiwa kuilima. Anayetaka kumfuata Egerton kwa kukipa chuo shamba, pasipo kuweka bodi ya watu wanaojua kulitumia na kulitetea dhidi ya wanyakuzi, atakuwa ameiga nusu tu ya kazi.

Jambo moja lingali linanishangaza kila nikiipitia historia hii. Baada ya uhuru, majina mengi ya walowezi yalifutwa. Barabara ya Delamere jijini Nairobi ikawa Barabara ya Kenyatta, na sanamu ya Delamere iliyosimama hapo ikaondolewa. Bunge la mwaka 1987 lingeweza kukiita chuo kikuu hicho kwa jina lolote. Wabunge wale walikuwa watoto wa watu waliozuiwa kumiliki hata ekari moja Njoro, na wengine wao walikuwa wamezaliwa katika kambi za maskwota. Walipitisha sheria na kuliacha jina la Egerton lilivyo. Pengine walizoea. Pengine waliona kuwa jina hilo lilikuwa limekwisha kuwa la wahitimu kuliko la mwenyewe, kwa kuwa kila wilaya ilikuwa na bwana shamba aliyejitambulisha kwalo.

Leo katika ardhi hiyo iliyotengwa kwa wana wa walowezi hufundishwa isimu na fasihi ya Kiswahili, na watu ambao babu zao waliamriwa kwa Kisetla huandika humo tasnifu kuhusu viambishi ambavyo Kisetla kiliviacha. Kasri nalo liko mikononi mwa chuo kikuu. Wageni hulipa kiingilio, huonyeshwa ukumbi wa dansi na chumba alicholala mzee, na husimuliwa habari za binti wa Ulaya. Siku za Jumamosi nyasi zake hukodishwa kwa harusi, na mabibi harusi wa Nakuru hupanda ngazi za mawe wakiwa wameinua pindo za magauni yao, wapiga picha wakiwatangulia.